Sura ya Nne Haikuwa Kweli

Wakati wa vita ya pili ya Kongo nilikuwa namaliza masomo ya fizikia Bukavu, na sikuweza kukaa kwenye kiti dakika kumi. Nilisoma nikitembea kati ya kitanda na dirisha katika nyumba yetu ya mtaa wa Cimpunda, hadi maman akalalamika kwamba namtobolea sakafu. Milio ya bunduki tulishaizoea. Kilichonikosesha utulivu ni mémoire, kazi ya mwisho ambayo bila hiyo hakuna diploma.

Niliandika juu ya nadharia ya nyuzi. Inasema kwamba ukikichimba kitu chochote hadi mwisho wake, hukuti punje, unakuta uzi mdogo mno unaotetemeka, na namna unavyotetemeka ndiyo inayoamua kitu hicho kiwe nini. Tatizo ni kwamba nadharia ilikuwa na matoleo matano, na kila moja lilijitosheleza kwa hesabu zake. Katika sura ya nne niliyachambua yote, nikatupa manne, nikabaki na moja. Nilijivuna kweli. Vitabu vyetu vilikuwa vya zamani, na tangu vita ianze hakuna jarida lililotufikia.

Wiki mbili kabla ya siku ya kuitetea mémoire mbele ya walimu, padri jirani yetu alirudi kutoka masomoni Ulaya kupitia Rwanda, akaniletea makala ya kurasa kumi na mbili. Pale mpakani, kwenye daraja la Ruzizi, wanajeshi walizigeuzageuza zile hesabu, wakamwuliza mara tatu ni siri za jeshi gani. Nilianza kuisoma nimesimama uani. Kufika ukurasa wa tatu nilikuwa nimeketi chini kwenye vumbi.

Matoleo yote matano yalikuwa kitu kimoja. Ni kama rasi za mji wetu: ukiwa majini kwenye mtumbwi unaweza kuapa kwamba ni visiwa, lakini ukipanda kwetu Cimpunda, mlimani, unaona ardhi moja iliyoingiza vidole ziwani. Nadharia iliyoyaunganisha ilidai vipimo kumi na kimoja vya mahali na wakati, na hakuna aliyejua bado kuiandika kikamilifu. Watafiti walishakimbilia mbele. Wengine walikuwa wanahesabu kilichofichwa ndani ya mashimo meusi, wengine wanauliza kama ulimwengu wenye uvutano unaweza kuelezwa wote kwa yanayotokea kwenye ukuta wake tu. Mimi nilikuwa bado nachagua rasi. Niliona aibu, na pamoja na aibu nilikuwa na furaha.

Nilikwenda mbio kwa profesa aliyeniongoza, mzee aliyetufundisha yale matano miaka yote. Nikamwambia nataka kuiandika upya sura ya nne. Alisoma ukurasa wa kwanza, akanirudishia.

"Déposer vile iko," akasema, yaani niikabidhi kama ilivyo. "Ukibadirisha, utaomba mwaka moya. Nani atakupa ule mwaka?"

Nikajibu kwamba siwezi kutetea uongo. Akanisimulia habari za mwanafunzi aliyenitangulia, ambaye yeye mwenyewe alimwambia arudie hesabu zake. Kijana akiwa anarudia, mapigano yakafunga masomo, akaenda Kamituga kuchimba dhahabu apate chakula. Hadi siku hiyo alikuwa hajarudi. Nilimsikiliza, lakini hasira ilishaniziba masikio. Nilitoka nikijiambia kwamba mzee anaogopa kuaibika, basi.

Siku ilipofika nilitetea sura ya nne kama mtu anayesoma tangazo la mnada. Mmoja wa walimu watatu wa jury, jopo la kunipima, akasifu jinsi nilivyotupa yale manne. Nusura niseme ukweli. Halafu nikamwona maman mstari wa pili, amevaa kitenge kipya, nikaendelea kusoma. Wakatoka kujadiliana, wakarudi, wakatangaza distinction, alama ya juu. Watu walipiga makofi nami sikujua niangalie wapi.

Profesa alingoja wenzake wawili waweke sahihi kwenye procès-verbal, hati ya matokeo, akaweka yake mwisho. Kisha akasimama.

"Imesainiwa," akaniambia. "Hakuna mutu anaweza kukunyanganya diplôme. Sasa twambie ile kitu ulitaka kuniambia siku ile."

Sikuelewa mara moja. Akanipa chaki. Nikaandika matoleo matano ubaoni, nikayaunganisha kwa mistari, nikasema wazi kwamba sura yangu ya nne si kweli. Yule aliyenisifu akakunja uso. Maman akashika kichwa, akidhani naitupa diploma mbele ya macho yake.

Nilipogeuka, profesa alikuwa ameshaondoka kwenye meza ya jury. Alikuwa ameketi kwenye benchi la wanafunzi, kalamu mkononi.

"Pale kwa onze dimensions, ile vipimo kumi na moya, sijasikia muzuri," akasema mbele ya wote. "Rudilia, polepole."

Nikageukia ubao, nikarudia polepole.