Ncha ya Sindano Ndani ya Triko

Siku ya kwanza katika atelye ile ya mtaa wa Bel-Air, karakana ya kupamba nguo, nilifika na uzi wangu mkononi, najiona fundi. Chef d'atelier, msimamizi wa pale, mama mmoja asiyecheka kabla ya chai, akautazama. "Ile uzi rudisha kwako. Huku tunachomaka tu."

Na kweli. Unaweka sponji chini ya kitambaa, unapanga sufu ya rangi juu, unaichoma kwa sindano yenye vijimeno pembeni. Vijimeno vinazisukuma nyuzi za sufu ndani ya kitambaa mpaka zinashikana, ua linakaa bila uzi wala gundi. Sindano inaingia wima, inatoka wima, ukiipinda, inakatika. Ninyi vijana wa haraka, hapo ndipo mnapoharibu. Na ikikatika, sheria ya chef ilikuwa moja: nguo haitoki mpaka ncha ipatikane.

Msimu mmoja wa baridi alikuja mjane, Mama Kalenga, na triko, sweta la marehemu mume wake. Moto wa mbabula, jiko la makaa, ulikuwa umelitoboa kifuani. Alitaka ua lifunike tundu, ili mwanawe Kalenga alivae kesho yake, siku ya kumaliza kilio.

Nilikuwa kwenye jani la mwisho, sindano ikakatika. Tulipapasa, tukapitisha sumaku ya redio mbovu, wapi. Chef akatikisa kichwa. "Itachoma mutoto. Tumupatie triko ya mupya."

Mama Kalenga akaketi, machozi yakamtoka. "Ya mupya haiko na arufu ya baba yake."

Roho iliniuma sana. Nikaenda nyuma ya pazia, nikavua blauzi, nikalivaa lile triko juu ya ngozi tupu, nikarudi mezani.

"Weye, uko na wazimu?" chef akauliza.

Niliinama, nikanyoosha mikono, nikabeba marobota ya sufu. Jioni ile ncha ikanidunga chini ya titi, na maumivu yale niliyafurahia. Chef mwenyewe aliichomoa ncha kwa kucha zake. Asubuhi Kalenga alisimama mbele ya watu na triko la baba yake.

Sasa nimestaafu, macho yamechoka. Baridi iliyopita Kalenga, baba wa watoto sasa, aliniletea triko lile lile, kiwiko kimetoboka. Mjukuu wangu akachoma ua pale, polepole, wima. Sindano ikabaki nzima.

"Imeisha, kambo," akaniambia mimi bibi yake, huku analikunja.

"Leta kwanza," nikamwambia, nikaanza kufungua vifungo vya blauzi yangu.