Siku za Kuwingiwa Ndege

Walisema sitamaliza msimu mmoja mjini. Kabla mpunga haujaiva, walisema, nitakuwa nimesharudi kijijini kwetu Michenga, nimekaa juu ya dungu nawinga ndege wasile mpunga, kama wenzangu. "Mtoto wa dungu shule ya mjini haiwezi," jirani yetu mmoja alimwambia bibi yangu mbele yangu, naye hakuwa mtu mbaya. Leo nina stashahada, nina nyumba mjini, Mlabani, niliyoijenga kwa jasho langu, na juzi mzazi mmoja wa mtaani alinijia kuniuliza: kati ya shule zetu hizi za serikali, ampeleke mwanawe ipi? Nikamuuliza, na shambani atabaki nani? Akanishangaa. Hana shamba. Nilicheka, rafiki yangu, lakini swali hilo ni langu la zamani.

Shule ya kijijini ilikuwa na kuta za matofali ya udongo, na matofali hayohayo ndiyo tuliyokalia. Kengele yetu ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini. Ubao ulikuwa umepauka hata chaki ilionekana kwa kubahatisha. Mpunga ulipoanza kujaza punje, familia nzima zilihamia bondeni kuishi kwenye madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Ndege wale, kweleakwelea, hawajui muhula. Darasa lilibaki na watoto wachache, na mwalimu mwenyewe alikuwa na shamba. Hakuna aliyemkumbuka mtu aliyewahi kutoka pale kwenda sekondari.

Shule ya mjini ilikuwa na sakafu ya saruji, madawati, na mwalimu wa hesabu aliyefundisha hesabu tu. Watoto wake hawakuhamia popote. Wapo waliomshauri bibi aniache nilipo: afadhali niwe wa kwanza kwenye shule dhaifu kuliko kumezwa na watoto wa mjini. Bibi aliwasikiliza wote, kisha akaenda kuniombea uhamisho.

"Bibi, ukimwondoa huyu," mwalimu mkuu alimwambia, "msimu wa ndege nitamfundisha nani?"

"Fundisha matofali, mwalimu. Yenyewe hayahami."

Basi nikahamia kwa shangazi, Mlabani, nianze darasa la saba. Ila bibi alikuwa peke yake, na sauti yake haikufika hata mwisho wa shamba. Bila mtu wa kuwinga, ndege wangemaliza chakula chetu cha mwaka mzima. Ndipo majirani wakatuazima siku zao: leo huyu anakaa kwenye dungu la bibi, kesho yule. Hata yule aliyesema sitaweza alitoa siku yake, huku akiendelea kusema. Hata mfugaji mmoja, Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake miaka michache nyuma, ambaye bibi hakumwamini kwa kuwa ng'ombe hao waliwahi kuonja mpunga wetu.

"Siku ya mtu hailiwi bure," bibi aliniambia. "Utawarudishia wote."

Nilizibeba siku hizo darasani kama mzigo wa kuni kichwani. Nikifeli, watu wamechomwa jua bure. Ndege wakishinda, bibi atalala njaa kwa sababu yangu. Asubuhi moja, mwalimu akifundisha sehemu, kundi la ndege lilitua kwenye mti nje ya dirisha. Kabla sijajijua nilikuwa nimesimama, mikono juu: "Haaaya! Hayaaa!" Darasa zima likaangua kicheko. "Kaa chini," mwalimu alisema, "hapa tunagawanya, hatuwingi." Tangu siku hiyo jina langu likawa Dungu.

Kisha nikasikia sokoni kwamba kweleakwelea wamefagia mashamba ya upande wetu. Siku iliyofuata ilikuwa ya mtihani wa majaribio. Sikuingia. Nilitoka mbio na mkoba wangu mpaka bondeni, nikijua kila hatua inawapa ushindi walionitabiria kushindwa.

Nilimkuta mfugaji amesimama juu ya dungu, mjeledi mkononi. Aliupiga hewani, ukalia kama bunduki, na ndege wakainuka shamba zima kama moshi. Mpunga ulikuwa umesimama. Chini, bibi alikuwa anatwanga pepeta, mpunga mbichi uliokaangwa, na harufu yake ilinifanya nitake kulia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hapana, mzee. Nimesikia kuna ndege."

"Ndege wamenisikia mimi. Wewe mwalimu wako amekusikia leo?"

Bibi hakuniruhusu hata kuutua mkoba. Alinijaza pepeta ya moto kwenye kiganja, akanigeuza kwa mabega. Niliila njiani nikirudi mjini.

Nilifaulu. Nasema bila haya: waliokuwa wakiniita Dungu, wengi wao niliwaacha nyuma. Likizo yangu ya kwanza ya sekondari iliangukia kwenye mpunga uliochelewa kuiva, nikaanza kulipa. Kila aliyetuazima siku nilikwea dungu lake, nikawinga mpaka sauti ikakauka. Leo ukipita bonde lile utaona vibarua wa kulipwa. Siku haziazimwi tena.

Wa mwisho kumlipa siku yake alikuwa mfugaji, ambaye naye mwaka huo alikuwa amepanda kijaruba chake cha mpunga. Jioni alikuja akasimama chini ya ngazi.

"Shuka, msomi. Umemaliza."

Katika kijiji kizima hapakuwa tena na aliyekuwa akinidai. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kwa hamu, lakini sikushuka. Nilimwomba nikae kidogo, mpaka ndege walale. Alinitazama, akasema, "Kaa," akaenda kufunga ng'ombe wake. Nilibaki juu pale nikiogopa kugusa ardhi, kwa maana nikishashuka, zaidi ya bibi hatakuwepo mtu kijijini mwenye sababu ya kuuliza nitarudi lini.