Vidole thelathini na kimoja vya Runingu

Saa kumi na mbili asubuhi, Amandine Gwiza amepiga magoti katika zizi la mbuzi kijijini Runingu. Amembana beberu katikati ya mapaja, na bomba la dawa ya minyoo liko mkononi.

"Usiinue kichwa sana!" anapaza sauti Mama Louise, mwenye zizi. "Dawa itaenda mu mapafu!"

Amandine anacheka, anashusha mkono. Beberu anameza.

Ana miaka 24, mzaliwa wa Mulenge, na anasomea tiba ya mifugo katika taasisi moja ya Uvira, mashariki mwa Kongo. Wanafunzi wa mwaka wake hulazimika kufanya staji, mafunzo ya vitendo ya wiki nane ya kuhudumia jamii, na kila mmoja hujitafutia mahali. Asiyepata hurudia mwaka.

Wenzake walikimbilia ofisi za mjini. Yeye aliwataka wafugaji wa Runingu, kwa sababu mvua zilizopita alipita hapo na kukuta wanawake wakizika mbuzi kumi na mmoja kwa asubuhi moja.

"Niliona haya," anasema. "Minye nasoma mambo ya nyama wa kufugwa, na sikujua niwaambie nini."

Chama cha wanawake hao kilimkubali siku hiyohiyo. Kikwazo kilikuwa chuoni. Katibu, Bwana Bertrand, aliisoma barua yake akaigeuza nyuma.

"Kachet iko wapi? Hawa watu hawana muhuri, hawana hata biro, hata chumba kimoja cha ofisi. Nani atakupa pointi?"

Zilibaki siku tatu za kupeleka barua. Binamu yake alimwahidi nafasi ya kukaa tu katika duka la dawa, na Amandine alikuwa karibu kukubali. Alimpigia simu Mama Louise kumuaga.

"Usisaini kitu," mama huyo alimjibu. "Ngoja kwanza."

Siku ya mwisho, pikipiki nne ziliingia uani mwa chuo zikiwa na wanawake saba waliovaa vitenge vya Jumapili. Mama Louise, mwenye miaka 58, alitandaza karatasi mezani kwa katibu: majina thelathini na moja, na kando ya kila jina alama ya kidole gumba kwa wino wa buluu.

"Kachet atuna, baba, lakini vidole tuko navyo," alisema. "Na pointi nitamupa minye. Akichelewa kuamuka, nitamupa ziro."

Bertrand alicheka hadi akavua miwani. Kisha akagonga muhuri wa chuo.

"Nililia mbele ya watu wote," Amandine anakumbuka. "Mama mmoja akanifuta machozi na kitenge chake kipya."

Sasa ni wiki ya tano, na hakuna mbuzi aliyekufa. Akihitimu, Amandine anataka kufungua duka la dawa za mifugo hapahapa Runingu. Kabla ya hapo, ameomba chama kipokee wanafunzi wawili mwakani.

"Walete," Mama Louise anamwambia, akimvuta mbuzi mwingine. "Lakini kuchagua, tutachagua sisi."