Jani Nililotia Kwenye Sosi ya Afande

Mimi napika sosi ya nyama kwa muda ule ule ambao maji ya makaroni yanachemka na makaroni yenyewe yanaiva. Simjui mtu mwingine Nakivale nzima, makazi yetu ya wakimbizi hapa Uganda, wala Oruchinga, anayeweza hivyo, na wale waliojaribu waliniletea sufuria zao niwaokolee nyama. Nasema bila haya. Shule niliachia darasa la tatu, kule milimani Kivu ya Kusini, siku mwalimu alipokimbia na sisi tukakimbia nyuma yake. Kila kitu nilicho nacho leo nimekitoa mikononi mwangu na puani mwangu: mgahawa wa mabati, mbabula zangu za makaa, na watu wanaonisalimia kabla sijawasalimia. Wengine wana vyeti. Mimi nina pua.

Sosi yenyewe niliiona kwa mama mmoja Msomali, jirani yangu Nakivale. Wasomali wanakula makaroni yale marefu kama sisi tunavyokula bugali. Sosi yake anaiita sugo. Aliniambia babu yake alikuwa mpishi wa Wataliano huko kwao, na hilo neno ni la Wataliano. Nilimtazama akipika mara moja tu, kesho yake nikapika ya kwangu ikaishinda ya kwake. Yeye anasema haikuishinda. Wateja wanajua. Alichokosa yeye ni jani. Babu yake alimwambia Wataliano walikuwa na jani lao la kunukia, wanalitia mwishoni, naye hakuwahi kulipata huku. Alivyolieleza, lenye harufu kali kidogo, tamu kidogo, lenye kukaa vidoleni hata ukinawa, nikamkata maneno.

"Mama, hiyo ni lumbalumba."

Kwetu linaota nyuma ya kila nyumba, tunalitia kwenye samaki. Nikaotesha mstari mzima nyuma ya mgahawa, na sosi yangu ikawa na jina.

Jina lilifika mjini Mbarara hivi. Kina mama wa kanisa moja la huko walikuja Nakivale kusali na kina mama wa kanisa letu, na baada ya ibada wakala kwangu. Mmoja alikuwa mke wa afande, wanakaa kwenye nyumba za kambi ya jeshi. Alikula sahani mbili, akaja mpaka jikoni kuniangalia uso.

"Wewe ndiye umepika hii? Mzee wangu alirudi kutoka Somalia, kila siku analia na makaroni ya kule. Na kanteeni ya kambi iko mikononi mwake. Mupishi alienda, mwingine hakuna. Kuja Jumatano, pika kwangu nyumbani. Afande akikula, akafurahi, kanteeni ni yako."

Kanteeni! Niliipita mara nyingi nikienda kuuza samaki mle kambini, nikaona dohani lake, bomba la maji ndani kwa ndani, meza za simenti. Wateja wangu wa Nakivale ni watu kama mimi: mgao wa chakula ukipunguzwa, wao wenyewe hawali, watakuja kula kwangu? Kule kambini watu wanakula kila siku, mvua ije, jua liwake. Nilisema moyoni, hii nisipoipata nitabaki chini ya mabati mpaka nizikwe.

Jumatano nikafika Mbarara mchana, majani yangu ya lumbalumba nimeyafunga kwenye leso, nimeyatia mfuko wa koti. Makaroni, kitunguu, karoti na kopo la tomate nilikuwa navyo. Nyama nilitaka mbichi, nikaingia bucha moja mtaa wa Nyamityobora. Mwenye bucha hakuwa na mashine ya kusaga. Nikamwambia basi anikatie ndogo ndogo kabisa.

"Ssebo," akasema, "hapa ni bucha, si kwa kinyozi."

Nikamwomba visu vyake viwili, nikaikatakata mwenyewe juu ya gogo lake, kisu hiki na kisu hiki, mpaka wateja wake wakasimama kutazama. Ilitoka nzuri kuliko ya mashine. Lakini muda ulikwenda.

"Banange, umechelewa!" mama afande akanipokea mlangoni. "Afande anaingia saa moja. Hapendi kungoja."

Jiko lake lilikuwa uani, makaa hata hayajashika. Na kando ya jiko alikuwa amekaa jirani, mke wa askari mwingine, juu ya jerikeni iliyolazwa, anachambua mchele. Mama mkubwa wa mwili, jicho dogo. Hakunijibu salamu. Alinitazama mikono.

Nikapepea makaa mpaka yakawa mekundu. Mafuta, kitunguu, karoti niliyoikata kama punje za mtama, kitunguu saumu. Kisha nyama, na hapo watu wengi wanaharibu: wanaona nyama imetoa maji, wanafikiri imeiva. Hapana. Unaiacha ikaushe maji yake mpaka ianze kulia kwenye mafuta. Ikilia, unatia tomate ya kopo, unaikaanga nayo mpaka rangi inakuwa ya matofali, ndipo nyanya mbichi, ndipo maji kidogo ya makaroni. Mbabula ya pili maji yalikuwa yanachemka, nikatia makaroni. Kila kitu kilikuwa kinakwenda pamoja. Mama afande akaingia ndani kutandika meza.

Nikatoa leso. Nikafungua, nikanusa, nikasugua majani viganjani, nikatupa kwenye sosi.

Mchele ukaacha kulia kwenye ungo.

"Mama!" jirani akapaza sauti. "Kuja hapa! Huyu mutu ametoa kitu mufukoni, ametia kwa chakula ya afande. Nimeona na macho yangu mbili."

Mama afande akatoka na sahani mkononi. "Umetia nini?"

Sasa sikiliza nilivyojibu. Kwetu kila fundi ana dawa yake. Mshona nguo ana dawa yake ya kola, dereva ana dawa yake ya kupanda mlima. Ni ufundi wa mtu, siri ya kazi yake, basi. Nikajibu kama ninavyowajibu wateja wangu, na kifua mbele:

"Hiyo ni dawa yangu, mama. Mutu akikula ile, hata mumufunge kamba, atarudia tu kwangu."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Jirani alisimama, mchele ukamwagika. "Umesikia? Amesema mwenyewe! Dawa! Anataka kumufunga bwana yako!"

"Hapana, mama, dawa ya..."

"Ya nini?"

"Ya sosi!"

"Sosi ni mugonjwa?"

Nikafungua mdomo kutaja jani, na buti zikasikika kwenye kokoto. Afande akaingia uani, mwembamba, mrefu, kofia bado kichwani. Alimtazama mke wake, akamtazama jirani, akanitazama mimi.

"Nini hii?"

Jirani akaeleza yote, na akaongeza lake: kwamba nilingoja mwenye nyumba aingie ndani kwanza. Ilikuwa kweli kwamba aliingia. Sikuwa nimengoja.

"Wewe nani?" afande akaniuliza.

"Mupishi, afande. Wa Nakivale. Ni mama alinialika, kwa mambo ya kanteeni."

"Kwenu wapi?"

"Kongo. Kivu ya Kusini."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa anajua jibu. Nikapeleka mkono kwenye sufuria ya makaroni, maana povu lilikuwa limeanza kupanda.

"Usiguse kitu."

Nikarudisha mkono. "Afande, makaroni yatakufa."

"Yafe. Ulitia nini?"

"Lumbalumba, afande. Ni jani."

"Jani ya nini?"

"Ya... kwetu tunatia kwa samaki."

Hakuna aliyelijua jina hilo. Nililirudia, nikalieleza, nikaonyesha urefu wake kwa mkono. Majani yenyewe yalikuwa yamekwisha kunyauka kwenye sosi, meusi, yanafanana na chochote. Leso ilikuwa tupu. Povu la makaroni likamwagika juu ya makaa, moshi ukatujaa, na mimi nimesimama mikono chini kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Nimepita vizuizi vya watu wenye bunduki, sikuwahi kuogopa kama pale uani. Mkongomani aliyetia kitu kwenye chakula cha mwanajeshi, ndani ya kambi! Nilianza kwa kuogopa kuikosa kanteeni, sasa nilikuwa nasikiliza kama geti limefungwa.

"Afande," nikasema, "kwetu mwenye kupika anaonja mbele ya mugeni. Nipe sahani. Nitakula mbele yako, nitamaliza."

Akacheka kwa pua.

"Mimi nimekaa na Wakongomani. Muko na ile sumu yenu, karuho. Mutu anakula leo, anacheza mupira kesho, anakufa mvua ikiisha. Wewe unakula sasa, unanionyesha nini? Tukae hapa tungoje mvua?"

Aliyoyasema ni maneno tunayoambiana sisi wenyewe. Mama yangu hakunywa kitu kwa jirani mpaka anazikwa.

Sosi ikaanza kushika chini. Niliisikia. Nyama yangu, niliyoikatakata kwa visu viwili.

"Leteni chai," afande akamwambia mke wake, akakaa kwenye kiti, bado ananitazama. "Nitakula mukate."

Mama afande akaleta chupa ya chai, akafungua, akamimina. Mvuke ukapanda, ukanijia mimi niliyesimama upande upepo unakokwenda.

Nikasahau kwamba natuhumiwa, nikakisogelea kikombe.

"Mama! Ndani ya chai kuna nini?"

"Majani ya chai," akasema kwa hofu.

"Na nini ingine?"

"Tangawizi. Na mujaja."

"Huo mujaja, uko fasi gani?"

Akaonyesha kwa kidevu nyuma ya choo. "Si ule pale?"

Nilikiona kichaka kimesimama kwenye ukuta, kimechanua vijiua vyeupe, kirefu kuliko vyote nilivyowahi kuotesha Nakivale. Nikamwomba aende akachume yeye mwenyewe, mimi nisiguse. Akaleta tawi. Nikamwambia, sugua, mpe mzee anuse. Afande akanusa viganja vya mke wake. Akanusa kikombe. Kisha akaenda kwenye sufuria, akainamisha uso kwenye mvuke wa sosi, akanusa tena.

"Hii ni mujaja," akasema.

"Mujaja kwenu, afande. Lumbalumba kwetu."

"Nani anatia mujaja kwa nyama?" jirani akauliza, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Wataliano," nikamjibu. Sikuwahi kumwona Mtaliano maishani, lakini ilimnyamazisha.

Makaroni yalikuwa yamegeuka uji. Niliyamwaga mbele yao bila kuombwa, nikachemsha maji mapya, nikatia nusu pakiti iliyobaki. Sosi niliichota juu juu, ile iliyoshika nikaiacha chini, nikaifungua na maji ya makaroni mpaka ikarudia mwili wake. Afande alimaliza chai yake hapo hapo uani. Hakwenda ndani. Alitazama kila kijiko.

Alikula kwa uma, anaviringisha kama nilivyowahi kuwaona Wasomali wakifanya. Sahani ikawa nyeupe. Akaongeza. Nami nikasubiri, maana mdomo wangu ulikuwa umenifanyia kazi ya kutosha siku hiyo.

"Hii ndiyo yenyewe," akasema mwishoni. Mama afande akapumua. "Lakini kanteeni sikupi."

"Afande!"

"Mimi nimekuelewa. Lakini huyu mama amepiga kelele, na ukuta huu una masikio. Kesho kambi nzima watasema Mukongomani alimutilia afande dawa. Askari atakaa kwa meza yako? Bibi yake atamukubalia?"

Hapo ndipo nilipokumbuka mimi ni nani. Nimejenga mgahawa mahali ambapo hapakuwa hata na mti.

"Afande, nipe kesho tu. Si ndani ya kanteeni. Inje, mbele yake, fasi kila mutu anapita. Nitapika bila mufuko. Koti nitaliacha kwako."

Alifikiri. Akamtazama jirani. "Wewe utakuwa mbele," akamwambia.

Kesho yake nikapika mbele ya kanteeni, shati limekunjwa mpaka begani, kina mama wa kambi wamenizunguka kama watu wanaotazama nyoka. Kila kitu nilikiinua juu kabla ya kukitia. "Hii ni nini?" Kitunguu! "Hii?" Nyanya! Wengine walianza kucheka. Jirani alikuwa mbele kabisa, mikono kifuani, na tawi la mujaja alilolichuma mwenyewe, maana sikukubali kuligusa mpaka wakati wake. Nilipomnyooshea mkono, alilizungusha kwanza, akaangalia chini ya kila jani, ndipo akanipa.

"Hii kwenu munaiitaje?"

"Mujaja!" wakapiga kelele.

Nikasugua, nikatupa. Harufu ikapanda ikawafikia, na niliona pua zao zikifanya kazi ambayo pua yangu hufanya.

Nikapakua sahani ya kwanza, nikampa jirani mbele ya wote. Akaipokea kwa mkono mmoja. Akanusa. Akachukua uma, akaviringisha, akatia mdomoni, na uwanja wote ukangoja taya lake. Afande alikuwa amesimama mlangoni mwa kanteeni, koti langu begani mwake.

Akameza. Akaitazama sahani, akanitazama, jicho lile lile dogo.

"Nyama iko kidogo," akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Makaroni mingi, nyama kidogo. Hivi ndivyo utatuibia hapa kila siku?"

Watu wakaangua kicheko. Nikachota kijiko kikubwa cha nyama, nikammwagia juu, naye akasogeza sahani karibu ili nisikose. Afande akavuta mlango wa kanteeni, akauacha wazi, akaniitia kwa kidole niingie.