Dakika Nne za Terrell Goodlow

Terrell Goodlow alifika mjini kwetu, kaskazini mwa Lithuania, mwezi wa Septemba, akiwa na mabegi mawili na viatu namba hamsini. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Chuoni kwao Indiana alikuwa akifunga pointi ishirini na mbili kila mechi ya mpira wa kikapu, lakini ligi kuu ya Marekani haikumchagua. Mimi, Ramutė, ndimi niliyewafunga wachezaji wa klabu yetu bandeji za vifundo vya miguu, kwa hiyo nilimjua kwa miguu kabla ya kumjua kwa maneno.

Wiki ya kwanza tu kocha wetu Algirdas alisimamisha mazoezi.

"Wewe bwana, hawa wenzako wanne unawaona?"

"Nawaona, kocha."

"Basi wape mpira! Hapa hata vibibi wanajua pasi nzuri. Watakuzomea huku unafunga."

Na kweli. Mechi ya tatu alifunga thelathini, tukashindwa, na mama anayetunza makoti ukumbini akamtupia lake bila hata salamu. Terrell alikuja kwangu amenuna, na mchezaji mwenzake wa kututafsiria. "Mama, watu wenu wana nini?" Nikamwambia, "Wanajua mpira, mwanangu. Vumilia."

Alivumilia. Kufikia baridi ya pili alikuwa akipasia watu bila kuwatazama, anatukana kwa Kilithuania safi, na anakunywa supu baridi ya bitiruti kama mzaliwa wa hapa. Ikapita miaka sita.

Februari moja wakala wake akapiga simu. Timu moja ya ligi kuu ya Marekani ilikuwa na majeruhi wengi. Walimtaka kwa mkataba wa siku kumi. Kwetu zilikuwa zimebaki mechi nane.

"Nenda," kocha alimwambia. "Usipoenda utatuchukia sisi."

Siku saba alikaa benchi. Ya nane, timu yake ikiwa nyuma kwa pointi thelathini, wakamwingiza. Tuliitazama mechi ile kesho yake asubuhi, ofisi nzima ya klabu. Dakika nne. Alisimama kwenye kona, hakuna aliyemkaba, mikono tayari, na mpira haukumfikia hata mara moja. Algirdas alizima televisheni, akaenda kuvuta sigara.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe, nikimfunga bandeji. Baba yake, Mzee Otis, mstaafu wa kiwanda cha chuma, alikuwa amemsubiri mlangoni pa ukumbi baada ya mechi, amevaa suti ya kanisani.

"Nimekuona, mwanangu. Kinyozi wangu naye amekuona kwenye televisheni."

"Umeona nini, baba? Nilisimama tu."

"Umesimama mle ndani. Watakuongezea siku."

"Hawataongeza. Narudi kule."

"Kule kuna nini kinachopashinda hapa kwenu?"

"Kule wananipa mpira."

Mzee alikasirika, wakaachana bila kukumbatiana.

Aliporudi, nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na Mserbia mmoja kijana, akawa anaanzia benchi. Hakulalamika. Ila nilimwona akikaa sana na viatu mkononi kabla ya kuvaa.

Aprili, bila kumwarifu mtu zaidi ya kocha, Mzee Otis akaja. Walimketisha karibu nami. Terrell aliingia robo ya pili, akafunga pointi nne tu, akatoa pasi kumi na moja zilizozaa vikapu. Kila pasi ukumbi ulinguruma. Tulishindwa kwa pointi moja, watu wakasimama wakapiga makofi.

Mzee alivua miwani, akaifuta. "Miaka yote hii," akaniambia kupitia kwa msichana aliyekuwa akitufasiria, "nikimpigia namuuliza amefunga ngapi. Hilo tu."

Terrell alicheza miaka mitano zaidi mpaka goti likakataa. Sasa anafundisha wasichana wa shule yetu, na anawafokea kuliko Algirdas. Juzi nilimuuliza kama ile kona bado inamuuma.

"Siku nyingine inauma," akasema. "Siku nyingine najiambia yamepita. Lakini mama, si nilikuwa wazi kabisa!"