Wali wa Njiani

Mchele mpya ukianza kuchemka jikoni, miguu yangu haitulii. Natoka mlangoni kutazama barabara.

Ilikuwa safari ya shule. Mwalimu alitugawa makundi mawili pale Iyunga: kundi litakalotangulia kufika Kihesa, Iringa, kwa lori lolote litakalokubali kulibeba, ndilo mshindi. Lori letu lilipata pancha katikati ya Usangu. Mama mmoja aliyekuwa akipepeta mchele kando ya barabara akatukaribisha kula.

"Tunashindana, mama, tutachelewa," nilisema.

"Sufuria nimeshabandika, mwanangu."

Dada kiongozi wetu akapiga magoti, akashukuru. Basi, hapo hakuna tena wa kuondoka. Dereva alipomaliza tairi, naye akanawa mikono. Mimi nilikaa upande upande, masikio barabarani, mpaka lori la wenzetu likapita, wakiimba, na vumbi lao likatufikia mkekani.

Niliubugia wali ule wa moto, nikaungua ulimi, wala sikujua ladha yake.

Washindi walipewa nini, sikumbuki. Mchele mpya nanunua kila msimu. Najilazimisha kukaa, naula polepole. Bado sio ule.