Popo Kwenye Kapu la Ndege

Dobi alifukuzwa na mumewe bila hata sufuria. Wifi zake walimsindikiza kwa vijembe hadi mlangoni: "Hukuzaa hapa, huna chako." Binti wa mumewe, aliyemnyonyesha kwa maziwa ya kichanga chake mwenyewe aliyefariki kabla ya ndoa hiyo, tangu siku ile mama mzazi alipofia uzazini, walimng'ang'ania. Uchungu huo haukumtoka. Lakini binti, sasa yuko sekondari, alikuwa akijiiba kuja kwenye kibanda chake cha kufulia.

Leo aliingia akihema.

"Mama! Kesho siku ya wazazi, nimechaguliwa kueleza makundi ya viumbe. Nisikilize!"

Dobi akakaza uso. Alishasikia kwamba kiti cha mama hiyo kesho shangazi wa binti wamemtengea mke mpya wa baba yake.

"Haya, sema."

Binti akamwaga nguo chafu zote sakafuni. "Hizi zote ni himaya, wanyama wote. Tukizitenga tunapata faila. Tukitenga tena, ngeli, halafu oda, familia, jenasi, mpaka tunabaki na spishi."

"Kumbe! Mimi natenga kitambaa kwanza, halafu rangi, halafu nyumba, mpaka nabaki na mwenye nguo."

"Hivyo hivyo! Kila ukitenga, waliobaki wanazidi kufanana. Kapu hili ngeli ya ndege, lile ya mamalia. Soksi hii ni popo. Mweke kwake."

Dobi akaitupa kwa ndege. Binti akacheka hadi akakaa chini.

"Umechemsha, mama!"

"Si anaruka?"

"Anaruka, lakini hana hata unyoya mmoja. Ana nywele mwilini kama paka, na ananyonyesha. Huyo mamalia. Hata nyangumi."

"Wee! Samaki mzima yule?"

"Ananyonyesha, mama."

Dobi akasimama na soksi mkononi.

"Hebu niambie. Jina lenyewe la kapu hilo la mamalia limetokana na nini?"

"Na titi, kwa Kilatini. Titi la kunyonyesha."

"Shangazi zako wanajua?"

"Watajua kesho, nitaanza na popo." Binti akamshika mkono. "Mwalimu aliuliza mama yangu ni nani. Aliniuliza mimi, hakuwauliza wao. Nimemtajia wewe. Kiti ni chako."

"Wewe mtoto una wazimu!" Dobi alicheka huku machozi yanamtoka.

Jioni ile nguo za watu zililala vilevile sakafuni. Pasi ilikuwa ikipita juu ya gauni lake mwenyewe, la kuvaa kesho.